Saruji ya Mwaka 1988

Wanafunzi wangu wa zamani wanaopita Sokomuhogo hunikuta siku hizi nimekaa barazani na tindo mkononi, shati limejaa vumbi jeupe, nao huniamkia kwa mashaka kidogo, kama watu wasio na hakika kwamba aliye mbele yao ni Maalim wao au ni kibarua. Ni mimi. Nilisomesha historia, kisha nikawa mkuu wa chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu mwaka 2010, na sasa nina umri wa miaka sabini na mitano. Ninachobandua ni lipu ya saruji, na aliyeamuru ibandikwe ni mimi mwenyewe.

Mke wangu na mimi tunaishi chini, katika chumba kilichokuwa ghala ya nazi na makuni. Ghorofa ya juu imefunikwa turubai. Tunapika uani, na mchuzi wowote unaopikwa humo una chembe za chokaa ndani yake hata ukifunikwa. Wanetu walitutaka tuhamie Fuoni mpaka kazi imalizike. Mke wangu ndiye aliyekataa, na sababu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Alisema nyumba ya Mji Mkongwe isiyolala mtu hupotea vipande vipande: leo komeo, kesho kizingiti, keshokutwa mlango mzima. Basi tumekaa. Yeye amepanga vyombo vyake juu ya mifuko ya mchanga, na mimi ninalala nikisikia kifusi kikishuka chenyewe juu ya dari usiku.

Nyumba hii si ya ukoo wetu, na msomaji anayeijua historia ya Unguja atakuwa ameshakisia ilivyotufikia. Baba yangu alikuwa mchukuzi bandarini. Tuliishi Ng'ambo, yaani upande wa pili wa hori ambalo baadaye lilifukiwa, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari 1964. Mwaka ule ule ikatoka amri ya kutaifisha mali zisizohamishika, na majumba mengi ya mawe ambayo wenyewe walikimbia, au walitolewa, yakawa ya serikali. Mwaka 1965 baba alipewa vyumba viwili katika nyumba hii. Familia nyingine tano zilipewa vyumba vilivyobaki.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Usiku wa kwanza sikulala. Nililala chali nikahesabu boriti za darini: zilikuwa ishirini na tatu, zimechongwa pembe nne na kupakwa rangi nyekundu. Nilikuwa sijapata kulala chini ya kitu kizito namna ile.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikiwasomesha walimu wanafunzi namna ya kuisoma nyumba kama wanavyosoma waraka, nilianza kila mara na zile boriti. Vyumba vya nyumba za zamani za pwani hii ni virefu na vyembamba, na mgeni hudhani ni mapenzi ya waliojenga. Si mapenzi. Boriti ni mti wa mkoko, na mkoko ulionyooka na kubeba mzigo hautoi urefu mkubwa. Ukishauweka ndani ya kuta mbili unapata chumba cha mita mbili na nusu, au karibu na tatu. Kwa hiyo upana wa chumba cha tajiri wa Unguja ulipimwa na mti uliokatwa katika delta ya Rufiji na kuletwa kwa jahazi. Wanafunzi walilipenda somo lile. Nilikuwa nikiwatoa nje, tunapita vichochoroni, nao wanapima kwa hatua.

Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yamepangwa ndani ya mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, kwa unene wa zaidi ya nusu mita. Chokaa ilichomwa hapa hapa kisiwani: magogo yanapangwa duara, juu yake mawe ya matumbawe, na tanuri linawaka siku kadhaa. Jiwe likishaungua hutoa hewa ya ukaa iliyokuwamo ndani yake. Likimwagiwa maji huchemka, hufurukuta na kuwa uji. Na uji ule ukipakwa ukutani huinyonya tena ile hewa kidogo kidogo, miezi na miaka, mpaka unageuka kuwa jiwe kama ulivyokuwa. Sakafu nazo zilijazwa mawe na chokaa juu ya boriti, kisha zikapondwa kwa magongo siku nyingi, wanawake kwa safu, kwa nyimbo. Waliobeba mawe yale na kuponda sakafu zile katika karne ya kumi na tisa, wengi wao walikuwa watumwa, maana utumwa haukufutwa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897. Hilo nalo nililisomesha, na sikulisomesha kwa sauti ya chini.

Lakini kuna jambo moja katika ukuta wa chokaa ambalo sikulisomesha kwa sababu sikulijua. Ukuta ule hunywa maji. Mvua ya masika ikiupiga, unyevu huingia. Jua la kaskazi likija, unyevu hutoka. Nyumba hizi zilijengwa ziroe na zikauke. Kinachoziua ni maji yasiyopata njia ya kutoka.

Zamani mapaa yalikuwa bapa, ya chokaa. Baadaye watu waliongeza mapaa ya mabati juu yake, yenye mifereji ya bati na mlizamu wa kuyashusha maji. Mfereji wa bati unahitaji mtu wa kupanda kila mwaka kabla ya masika akatoe majani na kuziba kutu. Nyumba yetu ilikuwa na familia sita na haikuwa na mtu huyo. Kila mmoja alifagia mlango wake. Paa lilikuwa la serikali, na serikali ilikuwa mbali na paa. Tena zile familia sita zilihitaji maji na vyoo mahali palipojengewa familia moja, kwa hiyo kila mmoja alitoboa ukuta akapitisha bomba lake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Baba yangu alitoboa la kwetu mwaka 1968, na furaha ya mama siku maji yalipotoka mferejini ndani ya chumba chake mwenyewe naikumbuka mpaka leo. Bomba lile lilivuja ndani ya ukuta kwa miaka kumi na minane.

Fikra za wakati ule nazo zilikuwa kwingine. Fedha na nguvu za taifa zilikwenda Ng'ambo, kujenga majumba mapya ya Kikwajuni na Michenzani kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Kijana yeyote aliyezaliwa katika nyumba ya udongo aliona kuwa ni haki, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mji wa mawe ulikuwa wa jana. Nyumba zikaanza kuanguka, moja masika haya, mbili masika yajayo. Mwaka 1985 ndipo ilipoundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Darasani nilieleza kuporomoka kule kwa sababu tatu: wenyewe waliondoka, wapangaji hawakuwa na uwezo, serikali haikuwa na fedha. Zote ni kweli. Mitihani ilijibiwa hivyo na nikatoa alama.

Katika miaka ile ya themanini serikali iliuza baadhi ya nyumba zake. Majirani zetu walikuwa wameshahama mmoja mmoja, baba na mama wameshafariki, na mwaka 1988 mimi, mwalimu mwenye akiba ndogo na mkopo mkubwa, nikawa mwenye nyumba. Nataka msomaji aelewe saruji ilikuwa kitu gani kwetu. Mwanzoni mwa miaka ile mfuko mmoja ulipatikana kwa kibali, na kibali kwa kujuana. Nyumba ya saruji ilikuwa ndiyo nyumba ya mtu aliyeendelea. Skuli za saruji, zahanati za saruji. Biashara ilipofunguliwa na mifuko ikaonekana madukani, nilinunua arobaini. Fundi mmoja mzee wa mtaani, mwashi wa chokaa tangu ujana wake, alikuja akaitazama akasema, "Maalim, ukuta huu usiuvalishe koti." Nilicheka. Nilimwona ni mtu wa zamani anayelinda kazi yake. Nikaleta vijana, wakapiga lipu ya saruji nyumba nzima, ndani na nje, ikawa laini kama meza. Watu walikuja kuitazama.

Hapo ndipo palipofanyika lile jambo ambalo limenifanya niandike.

Katika chumba cha juu, kile tulichopewa sisi mwaka 1965, palikuwa na mistari ya kalamu ya risasi ukutani, nyuma ya mlango. Ilikuwa vipimo vya watoto watatu. Kila mstari una jina kwa herufi za Kiarabu na mwaka wa Hijria, na nilizisoma kwa sababu nilikuwa nimesoma chuoni. Walipimwa kila mwaka siku ya Idi ya Ramadhani, kuanzia mwaka 1376 mpaka 1382. Idi ya mwaka 1382 ilikuwa mwezi wa Februari 1963. Ya mwaka uliofuata ilianguka Februari 1964, na haikuandikwa. Mapinduzi yalikuwa yametokea mwezi mmoja kabla, siku chache tu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama.

Wiki ya kwanza nilisimama nikajipima nao. Nilimpita yule mkubwa kwa vidole vitatu, nikafurahi. Mama aliniona, akaniambia nitoke pale. Tangu hapo, kila mwaka alipopaka chokaa kabla ya Ramadhani, alipaka chumba kizima akaiacha ile sehemu ya nyuma ya mlango. Hakutoa sababu, na mimi sikumwuliza. Kwa miaka zaidi ya ishirini ukuta ule ulikuwa mweupe, na pembeni yake kiraka cha rangi ya maziwa yaliyolala, mfano wa mkeka mdogo uliosimamishwa.

Mama alifariki mwaka 1986. Vijana wa lipu walipofika chumba kile, mmoja aliniuliza, "Na hapa pia, Maalim?" Nikasema hapa pia. Sikusahau, wala sikuwa na haraka. Nilikuwa nimeshainunua nyumba, nina hati yake mkononi, na sikupenda kuamka kila siku nikitazamwa na mistari ile.

Mwaka 1996 alikuja mwanamke mmoja, wa rika langu au mdogo kidogo, amefuatana na kijana. Alitokea Muscat. Alipiga hodi kwa adabu kubwa, akasema hakuja kudai kitu, anaomba kuiona nyumba aliyozaliwa. Mke wangu alimkaribisha, akamtengenezea sharubati ya ukwaju. Tulipopanda juu alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango, akaweka kiganja juu ya saruji.

"Maalim," alisema, "hapa palikuwa na alama zetu."

Nikamjibu kuwa sisi tulipoingia hatukuzikuta.

Alinyamaza, akashukuru, akashuka. Aliacha anwani yake kwenye karatasi, kwa ajili ya mke wangu, kwani walikuwa wamepatana. Mke wangu aliiweka ndani ya kitabu cha mapishi. Hakuniambia neno usiku ule, na yeye aliiona mistari ile siku aliyoolewa akaingia nyumba hii.

Nyumba yenyewe iliendelea kufa kwa utaratibu. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Maji ya mabomba, ya paa, na yale yanayopanda kutoka ardhini yalibaki ndani ya ukuta, na chumvi yake pamoja. Chumvi ikikauka hugeuka fuwele, fuwele hutanuka ndani ya vitundu vya jiwe, na jiwe la matumbawe husagika kuwa unga. Kwa nje ukuta wangu uliendelea kung'aa. Mnamo mwaka 2005 niligonga mahali kwa kidole nikasikia sauti ya dafu tupu. Nikaongeza saruji. Ncha za boriti, ambazo hukaa ndani ya ukuta, zililowa bila kukauka, na mti wa mkoko unaoishi baharini miaka yake yote ulioza ndani ya nyumba yangu.

Tarehe 25 Desemba 2020 ilianguka sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, na mafundi wawili waliokuwa wakilikarabati walifariki. Kona yake nyingine ilikuwa imeshaanguka mwaka 2012. Sitaki kuwa hakimu wa jumba lile. Nasema tu kwamba jioni ile nilipanda juu na tochi, nikachoma kisu katika ncha ya boriti ya kwanza, kikazama mpaka mpini. Nikachoma ya pili. Kati ya ishirini na tatu nilizozihesabu nikiwa kijana, tisa zilikuwa zimeshikilia kwa mazoea.

Kazi ilianza baada ya masika ya mwaka 2021 na haijesha. Inakwenda kwa kiinua mgongo kilichobaki na kwa msaada wa wanetu, kwa hiyo inakwenda chumba kwa chumba. Fundi wangu wa sasa ni mtu wa miaka arobaini aliyejifunza kwa wazee. Jambo la kwanza aliloniamuru lilikuwa kuzibua mfereji wa paa na kuweka mlizamu mpya; ukuta hakutaka kuugusa mpaka masika moja ipite juu ya paa lisilovuja. Nilimwona mkaidi. La pili, kung'oa mabomba yote na kujenga choo na bafu upande mmoja, pale pale palipokuwa choo cha asili. La tatu, chokaa. Aliichimbia shimo uani, akaizima, akaifunika kwa magunia mabichi, akakataa kuitumia kwa miezi mitatu. Mke wangu alipoteza bustani yake ya mrehani kwa ajili ya shimo lile na bado analitaja.

Boriti mpya zilichukua muda kuliko vyote, maana ukataji wa mikoko siku hizi unadhibitiwa, na nadhani ni sawa udhibitiwe. Tisa zimewekwa. Tumezipaka rangi nyekundu, lakini si nyekundu ile.

Saruji haibanduki vizuri. Inashika chokaa ya chini yake kuliko chokaa inavyoushika ukuta, na inapotoka hutoka na ngozi ya ukuta. Nililiona hilo chumba cha kwanza, nikajua litakalotokea chumba cha juu. Nilimwambia fundi nyuma ya mlango asiguse. Nilikaa pale mwenyewe kwenye kigoda siku kumi na moja, na tindo nyembamba ya seremala, nikiikata saruji vipande vya ukubwa wa stempu na kuviinua kimoja kimoja. Mikono yangu inatetemeka siku hizi, na miwani inajaa vumbi. Fundi alikuja siku ya tatu akatazama, akauliza natafuta nini. Nilimweleza yote. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ungelowesha kwanza kwa kitambaa, Maalim." Siku za mwanzo sikuwa nikilowesha.

Ya miaka 1376, 1377 na 1378 yote imeondoka na saruji. Ukigeuza vile vipande unaiona kwa nyuma, kinyumenyume, kama maandishi katika kioo, na mingi imevunjika. Nimevihifadhi katika kopo la biskuti. Ya mwaka 1379 imebaki, mistari miwili kati ya mitatu. Ya 1380 hakuna. Ya 1381 umebaki mstari wa yule mdogo, na nusu ya jina lake. Ya 1382 imebaki yote mitatu, kwa sababu ilikuwa juu, ambako unyevu haukufika sana, na kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kulowesha.

Kitabu cha mapishi kilipatikana. Nilimwandikia barua ya kurasa mbili, nikaeleza kuwa zilikuwapo tulipoingia mwaka 1965, kwamba mama yangu alizitunza, na kwamba nilizifunika mimi, na kwamba siku alipoweka kiganja chake pale nilimdanganya. Nimemwambia zilizobaki ni zipi. Anwani ni ya miaka karibu thelathini, na barua nimeituma mwezi wa Mfunguo Tatu. Sijapata jibu.

Vyumba vinne vimeshapakwa chokaa na vimekauka. Fundi ananiuliza kila wiki kile cha juu afanye nini, kwa kuwa anataka kumaliza sakafu kabla ya vuli. Nimemwambia apake kuta tatu. Ule wa nyuma ya mlango mke wangu ameutundikia kanga yake moja kuukuu, vumbi lisiingie.